Je, Wajua Kwa Nini Mtoto wa Miaka Minne Hawezi Kushika Sikio Lake kwa Kupitisha Mkono Juu ya Kichwa?

Kwa miaka mingi, katika shule nyingi za msingi za Afrika Mashariki, mtoto aliyeletwa kuandikishwa darasa la kwanza hakudaiwa cheti cha kuzaliwa, kwa sababu wengi hawakuwa nacho, na wazazi wengine walikumbuka tu kwamba alizaliwa msimu wa mavuno au mwaka wa mvua kubwa. Mwalimu alimwambia asimame wima, apitishe mkono wa kulia juu ya utosi na kulishika sikio la kushoto. Vidole vikilifikia sikio, jina liliingia katika daftari. Visipolifikia, mzazi aliambiwa amrudishe mwakani. Watu wazima wengi bado wanakumbuka jinsi walivyojaribu kuinamisha shingo ili kuusaidia mkono, na mwalimu akakirudisha kichwa katikati kwa kiganja chake. Kwa mtazamo wa haraka kipimo hicho huonekana kama mchezo, lakini kinagusa jambo zito kuhusu mwili wa binadamu: kwa nini mtoto wa miaka minne hulikosa sikio, na wa miaka saba hulishika bila taabu, ilhali vichwa vyao vinakaribiana ukubwa?

Jibu linaanzia kwenye beseni la kumwogeshea mtoto mchanga. Ukimlaza mtoto wa wiki chache na kumnyoosha mikono yake juu polepole, viganja vyake huishia karibu na utosi. Mikono haina kasoro yoyote. Kichwa ndicho kilichotangulia. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 50 hivi, na kichwa peke yake huchukua robo ya urefu huo, wakati kwa mtu mzima kichwa ni kama sehemu moja kati ya nane. Mzingo wa kichwa, ambao muuguzi huupima kwa utepe, huwa takriban sentimita 35 siku ya kuzaliwa na sentimita 46 hivi mtoto anapotimiza mwaka. Kwa kuwa mzingo wa kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 55 hadi 57, ni wazi kwamba karibu nusu ya ukuaji wote wa kichwa baada ya kuzaliwa hufanyika ndani ya miezi 12 ya kwanza. Ndiyo maana mtoto huzaliwa mifupa ya fuvu lake ikiwa haijaungana, na ndiyo maana utosi wake ni laini na huonekana ukidunda anaponyonya. Uwazi ule wa mbele kwa kawaida hufungika kufikia mwaka wa pili, baada ya ubongo kupata nafasi uliyoihitaji.

Ubongo wa mtoto mchanga una uzito wa gramu 350 hadi 400, yaani haujafika theluthi moja ya ubongo wa mtu mzima. Anapofika miaka sita, ubongo huo umekwisha kufikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wake wa mwisho, ilhali uzito wa mwili wake wote ni theluthi moja hivi ya ule atakaokuwa nao ukubwani. Kichwa basi kinakaribia kumaliza safari wakati mifupa ya mikono na miguu ingali njiani.

Linabaki swali la kwa nini viungo visubiri namna hiyo. Maelezo yanayonishawishi zaidi yanahusu matumizi ya chakula mwilini. Mwaka 2014, Christopher Kuzawa wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani na wenzake walilinganisha vipimo vya glukosi (sukari ya mwilini) inayotumiwa na ubongo katika umri mbalimbali na vipimo vya ukubwa wa ubongo wenyewe. Waligundua kwamba ubongo hula kwa wingi kuliko wakati wowote mwingine karibu na umri wa miaka mitano, ambapo hutumia takriban asilimia 66 ya nishati ambayo mwili huitumia ukiwa umepumzika; kwa mtu mzima sehemu hiyo ni kama asilimia 20 tu. Kilichowavutia zaidi ni kwamba miaka hiyo hiyo ndiyo ambayo mwili hukua polepole kuliko wakati mwingine wote wa utotoni. Mtoto aliyeongezeka sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza na sentimita 12 hivi katika mwaka wa pili, sasa huongezeka sentimita tano hadi saba tu kwa mwaka. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe wa miaka mitano anakula vizuri lakini hanenepi wala harefuki sana, mara nyingi anatazama chakula hicho kikienda kichwani: kwenye maneno mapya, maswali yasiyokwisha na michezo yenye kanuni ndefu.

Mwendo huu wa kasi, kisha taratibu, kisha kasi tena, si ugunduzi wa jana. Mfaransa mmoja, Philibert Guéneau de Montbeillard, alimpima mwanawe kila baada ya miezi sita hivi tangu alipozaliwa mwaka 1759 hadi alipofikisha miaka 18, na vipimo vyake vilichapishwa na rafiki yake, mwanazuoni Buffon. Wataalamu wa ukuaji wanavitumia mpaka leo, kwa kuwa vinamfuata mtoto yule yule mmoja katika utoto wake wote, na mchoro wake unaonyesha wazi mteremko mrefu wa utotoni na mlima wa ghafla wa ujana.

Uamuzi wa mwili wa kuutanguliza ubongo una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na watu wengine. Sokwe wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, humnyonyesha mwanawe kwa miaka minne hadi mitano, na mtoto huyo anapoacha ziwa anajua kujitafutia matunda. Mtoto wa binadamu huachishwa ziwa mapema zaidi, mara nyingi kati ya mwaka mmoja na mitatu, akiwa hana magego ya ukubwani, hajui kujitafutia chakula, na ubongo wake ukiwa katika kilele cha njaa yake. Mama anaweza kuwa na mtoto mchanga mgongoni, wa miaka mitatu akimshika kanga na wa miaka sita akimfuata nyuma, wote wakimtegemea kwa pamoja. Ni nani basi anayemlisha huyu wa kati?

Kwa Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, jibu lilionekana porini. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake walihesabu saa ambazo watu wa kila umri walizitumia kutafuta chakula, wakakuta kwamba akina bibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa walikuwa miongoni mwa wachapakazi wakubwa kabisa, wakichimba mizizi mirefu katika udongo mgumu kwa vijiti vilivyochongwa. Waliwapima pia watoto uzito. Uzito wa mtoto ulifuata juhudi ya mama yake katika kutafuta chakula. Lakini mama alipokuwa na mtoto mchanga, uzito wa yule mkubwa ulifuata juhudi ya bibi. Hawkes alijenga juu ya matokeo hayo hoja kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya kukoma hedhi, jambo lisilo la kawaida kwa wanyama, yalipata nafasi kwa sababu wajukuu wa bibi mwenye nguvu walipona kwa wingi zaidi. Wataalamu wengine wanaibishia hoja hiyo, lakini mimi naiona nzuri kwa sababu inaunganisha ncha mbili za umri: uzee wenye kazi na utoto unaokawia.

Viungo hupata zamu yao katika ujana. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mikono na miguu kuna tabaka jembamba la gegedu (mfupa laini), ambalo chembe zake hugawanyika, hupangana kama sarafu zilizorundikwa, huvimba, kisha hufa na nafasi yao kuchukuliwa na mfupa mgumu. Kwa njia hiyo mfupa hurefuka kutoka karibu na ncha zake, chini ya amri ya homoni ya ukuaji inayotolewa kwa wingi wakati wa usingizi mzito wa usiku. Msichana hufikia kilele cha kasi hiyo akiwa na miaka 12 hivi na mvulana akiwa na 14, na ndiyo maana katika madarasa ya mwisho ya shule ya msingi wasichana wengi huwapita wavulana kwa kimo. Nyayo na viganja hutangulia, miguu na mikono hufuata, na kiwiliwili huja mwisho. Mzazi huanza kuiona balehe kwenye viatu vya shule, ambavyo hubana kabla havijachakaa.

Kinachofunga safari hiyo ni estrojeni, iitwayo homoni ya kike, kwa wasichana na kwa wavulana pia, kwani hugeuza tabaka lile la gegedu kuwa mfupa mtupu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kwa wanaume kazi hiyo ni ya homoni ya kiume, mpaka mwaka 1994 ilipochapishwa habari ya mwanamume wa miaka 28, mwenye kimo cha sentimita 204, ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni kwa sababu ya hitilafu ya jeni moja. Gegedu zake zilikuwa bado hazijageuka mfupa, naye alikuwa bado anarefuka.

Baada ya mifupa kufungika, kimo hakiongezeki tena, na kuanzia umri wa miaka 40 hivi huanza kupungua taratibu kadiri sahani laini zilizo kati ya pingili za mgongo zinavyokonda. Sikio lenyewe halifuati sheria hiyo. Mwaka 1995 daktari Mwingereza James Heathcote aliwapima wagonjwa 206 wenye umri wa miaka 30 na kuendelea, akakuta kwamba masikio ya wenye umri mkubwa yalikuwa marefu zaidi, kwa wastani wa milimita 0.22 kwa kila mwaka wa umri.

Kipimo cha mwalimu, hata hivyo, kilikuwa na dosari kubwa. Kilidhani kwamba watoto wote wa miaka saba wana mikono ya urefu unaokaribiana, na hiyo ni kweli pale tu wote wanapokula vya kutosha. Chakula kinapopungua au kuhara kunapojirudia, mwili hujitahidi kuulinda ubongo na hubana matumizi kwenye mifupa mirefu. Shirika la Afya Duniani lilipowapima watoto waliotunzwa vizuri wa Muscat (Oman), Accra (Ghana), Delhi (India), Oslo (Norwe), Pelotas (Brazili) na Davis (Marekani), na kuchapisha viwango vyake mwaka 2006, ilionekana kwamba hadi miaka mitano watoto hao walirefuka kwa namna inayofanana sana, licha ya asili zao mbalimbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa ulioongoza ni Iringa, ambao hulima mahindi kwa wingi. Uji wa mahindi matupu hushibisha tumbo, lakini haubebi protini na madini ambayo gegedu inayapigania.

Sehemu kubwa ya udumavu huo huingia katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, na ubongo nao huathirika kwa kiasi. Mtoto aliyesimama mbele ya mwalimu na kidole chake cha kati kikalikosa sikio kwa upana wa ukucha, huenda alikuwa na miaka saba kamili. Mkono wake ulikuwa ukionyesha miaka aliyokula vibaya, na mwalimu akausoma kama umri.