Je, wajua? Kwa nini shangazi wa Uyole anaweza kuulizwa kuhusu kompyuta asiyoijua

Ukitamka neno "mkurugenzi" hapa Mbeya, wengi wataona ofisi ya Jiji, gari la serikali na foleni ya watu wenye bahasha mlangoni. Hakuna atakayemfikiria shangazi wa Uyole anayelima viazi. Lakini mtoto wa kaka yake alipoamua kufungua kampuni ya kununua parachichi Rungwe, usajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili makampuni, ulimtaka aandike wakurugenzi wasiopungua wawili. Mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Wa pili akapatikana kwa simu: "Shangazi shikamoo. Naomba namba yako ya NIDA na TIN, nijazie fomu tu." Shangazi akaitikia marahaba, akazitaja, akaendelea na palizi.

Shangazi huyu ni wa mfano, ila wenzake ni wengi. Kuanzia Mafinga kwenye mbao hadi Njombe kwenye viazi, kampuni ndogo za familia zina majina ya ndugu waliotajwa "kujazia." Kisheria, mkurugenzi wa kujazia hayupo. Jina likishaandikwa, mwenye jina ni mkurugenzi kamili, awe analipwa posho ya kikao au hajawahi kuona kikao chenyewe.

Sasa kampuni ile ina orodha ya wakulima: majina, vijiji, namba za NIDA, namba za simu zinazopokea malipo, na kiasi ambacho kila mmoja alilipwa msimu uliopita. Siku orodha hiyo ikiangukia mikononi mwa matapeli, shangazi anaweza kuulizwa maswali pamoja na kijana anayeshughulika na kompyuta, pengine kabla yake. Kwa nini, wakati kompyuta iko Tukuyu na yeye hajawahi hata kuiwasha?

Sababu ni ya zamani kuliko kompyuta. Kampuni ni mtu mbele ya sheria. Inamiliki mali, inakopa, inashtaki na kushtakiwa, lakini haina kichwa chake. Bodi, yaani wakurugenzi kwa pamoja, ndiyo inayofikiri kwa niaba yake, na anayeifikiria kampuni ndiye anayeulizwa ilikuwa inafikiria nini.

Zamani mahakama zilikuwa na huruma zaidi. Huko Uingereza, ambako sheria yetu ya makampuni ina mizizi, mkabaila mmoja, Marquess of Bute, alirithi urais wa benki ya akiba ya Cardiff akiwa mtoto wa miezi sita. Katika miaka 38 iliyofuata alihudhuria kikao kimoja. Benki ilipoanguka kwa mambo yaliyokuwa yakifanyika ndani yake, mahakama mwaka 1892 ilimwachia: hakujua, na mambo ya benki yaliachiwa wengine. Ningekuwa shangazi ningeikariri hukumu hiyo neno kwa neno. Bahati mbaya imezeeka.

Karne moja baadaye, mwaka 1995, benki ya Barings ilianguka kwa hasara ya pauni milioni 827 zilizopotezwa na mfanyakazi mmoja aliyekuwa Singapore, Nick Leeson. Baadhi ya wakubwa waliokuwa juu yake walipigwa marufuku kuongoza makampuni. Hawakuiba senti. Kosa lao lilikuwa kumkabidhi mtu kazi na kutomwangalia. Mahakama ilikubali kwamba mkurugenzi anaweza kugawa kazi, ila kugawa hakumwondolei wajibu wa kuifuatilia.

Sheria yetu ya Makampuni ya 2002 inafuata mkondo huohuo. Inamtaka mkurugenzi awe na uangalifu ambao mtu makini angekuwa nao katika nafasi hiyo, na kama ana ujuzi wake wa ziada, nao unapimwa. Kwa hiyo shangazi hatapimwa kama fundi wa mitandao. Atapimwa kama mtu makini aliyekubali kukaa kwenye bodi ya kampuni inayotunza namba za NIDA za watu.

Juu ya hapo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayeamua taarifa zikusanywe kwa kusudi gani inamwita mkusanyaji. Anayezishughulikia kwa niaba ya mwingine ni mchakataji. Wote wanatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024. Taarifa zichukuliwe kwa sababu inayoeleweka, zisipite kiasi kinachohitajika, zilindwe, na zikivuja Tume ijulishwe bila kuchelewa. Kipengele kinachowapita wengi ni kwamba miamala ya fedha ya mtu imewekwa kwenye taarifa nyeti, kundi moja na afya, imani ya dini na alama za vidole. Daftari la malipo ya wakulima si daftari la kawaida tena.

Adhabu nazo hazifanani na faini ya bodaboda. Kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria kunaweza kumgharimu mtu binafsi kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka kumi. Kampuni ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Na kampuni ikitenda kosa, ofisa wake aliyelijua na kuliruhusu kwa makusudi anaingia hatiani pamoja nayo.

Mjanja akisoma sentensi hiyo ya mwisho atachekelea: kumbe ni aliyejua! Basi bora nisijue. Nimeyasikia mawazo hayo kwa watu wenye shahada zao, na ndiyo mtego wenyewe. Kutojua kunaweza kukukinga na kosa la jinai, lakini ndiko kunakokuvua nguo kwenye ule wajibu mwingine wa uangalifu. Kampuni ikipata hasara kwa sababu mkurugenzi hakuwahi kuuliza swali hata moja, kampuni yenyewe, au mfilisi ikifilisika, inaweza kumdai kwa uzembe. Ukijua ukanyamaza umekwisha, na ukikataa kujua nako hakuna pa kupumzikia.

Wengi hudhani wizi wa mtandao ni kijana mwenye kofia anayebonyeza vitufe usiku kucha. Hapa kwetu unaanza na maneno. Nani hajapata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imeweka namba 15040 ya kuripoti matapeli wa aina hiyo, na ripoti zake zimekuwa zikiitaja Rukwa, jirani zetu kabisa, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Kwa mtu mmoja ujumbe ule ni kero. Kwa kampuni una kaka yake mkubwa, aliyevaa suti.

Yeye huja hivi. Mhasibu anatumia paswedi moja kwenye imeili ya ofisi na kwenye tovuti nyingine alikojisajili miaka mitano iliyopita. Tovuti ile inadukuliwa, paswedi inauzwa, na mtu asiyejulikana anafungua imeili ya kampuni. Haibi kitu. Anasoma tu, wiki baada ya wiki, anajifunza nani ananunua parachichi, makontena yanaondoka lini, mhasibu anaanzaje salamu zake. Halafu ankara ya mzigo inapokaribia, mnunuzi wa ng'ambo anapokea barua kwa lugha ileile na nembo ileile: tumebadilisha benki, tafadhali lipia akaunti hii mpya. Mnunuzi analipa kwa nia njema. Kampuni inasubiri, inauliza, inaambiwa tulishalipa. Wakati huo wakulima Kiwira wamekaa kibarazani wanadai chao.

Dawa ya wizi huu haiko ndani ya kompyuta. Ni utaratibu: wanunuzi waambiwe mapema kwamba akaunti haibadilishwi kwa imeili, na yeyote akiona mabadiliko apige simu kwenye namba anayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua mpya. Malipo yanayotoka ofisini yaidhinishwe na watu wawili. Imeili iwekewe uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi pamoja na kithibitisho cha pili kama namba inayotumwa kwenye simu, ambao kwa huduma nyingi ni bure. Hakuna hata kimoja hapo ambacho shangazi hawezi kukielewa, na kupitisha utaratibu ni kazi ya bodi. Kijana wa kompyuta hawezi kumwamuru mhasibu, sembuse mwenye kampuni.

Kama unadhani mambo haya ni ya kampuni ndogo tu, itazame Benki Kuu ya Bangladesh. Februari 2016 wezi waliingia kwenye mifumo yake na kuagiza karibu dola bilioni moja zihamishwe kutoka akaunti yake New York. Maombi mengi yalikwama, moja kwa sababu neno la Kiingereza lilikosewa herufi, lakini dola milioni 81 ziliishia Manila. Kinachonikaa akilini ni printa. Ilikuwa na kazi ya kuchapa kumbukumbu za miamala, na siku ile ikakutwa haichapi. Wafanyakazi wakaona ni hitilafu ya kawaida, kama ofisi yoyote duniani ambayo printa yake ina tabia zake. Wezi ndio walioinyamazisha. Gavana hakubofya kitufe chochote, lakini yeye ndiye aliyejiuzulu mwezi Machi. Waziri wa fedha wa nchi hiyo alikuwa amezipata habari kupitia vyombo vya habari.

Kuficha kuna gharama yake peke yake. Mkuu wa usalama wa Uber, Joe Sullivan, alitiwa hatiani Marekani mwaka 2022 kwa kuficha udukuzi wa 2016 uliogusa taarifa za watu milioni 57. Wadukuzi walilipwa dola 100,000 wanyamaze.

Turudi nyumbani, maana kuna uvujaji usiohitaji umeme. Sheria yetu inalinda taarifa zilizorekodiwa kwa namna yoyote, karatasi zikiwemo. Fikiria steshenari pale karibu na stendi, unapotoa kopi ya kitambulisho, kopi ya kwanza inatoka na giza, inatupwa kando. Fikiria boksi la fomu za zamani ofisini, ambalo mfanya usafi anaambiwa akaliondoe. Karatasi hizo haziendi jalalani zote. Nyingine zinakunjwa kuwa vikoni vya karanga. Nimewahi kununua karanga Mwanjelwa, nikamaliza kula, nikabaki na jina la mtu, tarehe yake ya kuzaliwa na sahihi yake mkononi. Mdukuzi gani angefanya kazi kwa bei hiyo?

Hivyo basi shangazi afanye nini, ajiuzulu arudi kwenye viazi? Anaweza, na ni haki yake. Akibaki, aitishe kikao, hata kama ni cha watu wawili na chai. Aulize paswedi ya mhasibu aliyeacha kazi ilifungwa na nani. Aulize orodha ya wakulima iko kwenye simu ngapi, na je, ile flashi ya kijani yenye nakala yake bado ipo? Bakapu, yaani nakala ya akiba, inahifadhiwa chumba kimoja na kompyuta, au mahali pengine? Wafanyabiashara wa Mwanjelwa, walioungua mwaka 2006, hawahitaji kuelezwa kwa nini daftari la madeni halilali dukani. Aulize cheti cha usajili wa Tume kiko wapi, na usiku mambo yakiharibika nani anampigia nani.

Na ahakikishe maswali yake yanaandikwa kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na jina la aliyepewa kazi na tarehe ya kumaliza. Akijibiwa "tunalifanyia kazi, shangazi," aandikishe na hilo. Litamsubiri kikao kijacho, kwenye yatokanayo.