Mwaka 1954 Haukatai Kitu: Riwaya Iliyoniangusha

Kazi yangu ni kuhariri riwaya hapa Nairobi, na hadithi za mtu wa leo kuibukia zama za mababu zinanijia kwa wingi siku hizi. Nazipenda. Ndiyo maana hii niliyoimaliza juzi imeniudhi: ilikuwa na kila kitu, ikakitupa. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwandishi ni chipukizi na makosa yenyewe si yake peke yake.

Kisa ni hiki. Binti wa Kilimani, mbunifu wa tovuti, anajikinga mvua ndani ya Maktaba ya McMillan. Anasukuma mlango ulio nyuma ya rafu, na upande wa pili ni Aprili 1954. Huko anakutana na karani wa reli, Mkikuyu mtanashati wa Muthurwa, na wanapendana. Kuanzia hapo ni kwenda na kurudi: mchana kazini, jioni kwa mpenzi.

Msomaji anayelijua jiji hili anashtuka kabla hata penzi halijaanza. McMillan ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958. Sasa binti mweusi mwenye jinzi anachomoza katikati ya ukumbi wa kusomea, mkutubi Mzungu anamtabasamia, kisha anaendelea na kitabu chake. Niliusoma ukurasa huo mara mbili nikidhani kuna kejeli imenipita. Haikuwepo. Na mali ya hadithi ilikuwa pale pale! Msichana aliyepita kati ya wale simba wa mawe wa mlangoni bila kuulizwa na mtu angetimuliwa kutoka jengo lile lile, angetokea barabarani hana karatasi wala ndugu, na angehitaji mtu wa kumficha kabla giza halijaingia. Karani angekuwa na sababu ya kutokea. Badala yake wanagongana kwenye kona, vitabu vinaanguka, wanainama pamoja kuviokota.

Katika mapenzi ya aina hii, wakati ndio baba mkwe anayekataa posa. Hadithi nyingine za mapenzi zina wazazi, dini, mahari au kabila. Hapa mwaka wenyewe ndio unaosema hapana. Mwaka usipokataa kitu, wapenzi hawana wanachopigania, na kurasa zinajaa macho ya kurembua na mwezi juu ya paa za mabati.

Na 1954 ulikuwa mwaka wa kukataa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari tangu Oktoba 1952, ikipambana na wapiganaji wa Mau Mau. Mkikuyu wa Nairobi aliishi kwa kafyu na vibali, na hakujua jirani yupi angemtaja. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji katika ile Operesheni Anvil, msako wa kuwakamata wafuasi wa Mau Mau. Watu walitolewa nyumbani, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliovikwa magunia yenye matundu ya macho. Zaidi ya watu 20,000 waliishia vizuizini, wengi wao katika kambi za Manyani na Mackinnon Road.

Sura ya tisa ya riwaya hii ina kichwa: "Jumamosi, 24 Aprili 1954." Tarehe ni sahihi, hata siku ya wiki ni sahihi, kwa hiyo kalenda ilifunguliwa. Jioni hiyo wapenzi wetu wako ukumbi wa Kaloleni wanacheza dansi. Tunaelezwa gauni, tunaelezwa gramafoni, tunaelezwa viatu vya karani vilivyong'arishwa hadi taa ikajiona, halafu tunaambiwa kwamba "jiji lilikuwa limetulia." Lilitulia, ndiyo, watu walikuwa wamebebwa kwa malori.

Sidai mapenzi yageuzwe somo la historia. Dansi iwepo. Ila karani awe amefika na kibali cha kughushi, au asifike kabisa na binti abaki mlangoni na gauni lake, akijua kutoka vitabu vya shule kile ambacho wenyeji wa siku ile bado wanakihesabu kwa viti vitupu. Ujuzi huo ndio mzigo wa msafiri wa wakati. Huyu hakubeba chochote.

Kuna pia suala la kanuni. Anayecheza na wakati huwa anachagua: ama yaliyopita hayabadiliki hata ufanyeje, ama ukigusa kitu cha jana, leo inageuka, ama kila ukigusa unazaa dunia nyingine pembeni. Zote zinafaa, mradi msomaji azione mapema na zisivunjwe. Hapa binti anasahau simu yake mezani Muthurwa, na leo haitikisiki hata kidogo. Analipa chai kwa sarafu ya shilingi 20 yenye tembo, ile iliyotoka 2018, na mwenye mkahawa anamrudishia chenji! Kufika sura ya ishirini anaficha barua moja tu, anarudi Kilimani, na mama yake mzazi hamtambui. Nilitakiwa kulia. Nilibaki nauliza habari za simu.

Kilichoniuma zaidi ni sura ya kumi na nne, kwa sababu ni nzuri. Binti yuko leo, anamtembelea nyanya yake mtaani Bahati, na kama mzaha anamuuliza walikuwa wakicheza dansi wapi ujana wao. Nyanya anaendelea kuchambua maharagwe. Anatoa kokoto, anaiweka kando, anatoa nyingine. Kisha anauliza kama mlango wa nje umefungwa, ilhali ni saa nane mchana na watoto wanacheza uani. Hakuna mlango wa ajabu katika sura hiyo, na ndipo pekee nilipouona 1954. Ningekuwa mhariri wake, ningemwambia mwandishi aanzie hapo, na kwamba atakayevuka mlango wa McMillan awe nyanya, si mjukuu.