Kuichochea Karama Uliyokwisha Kupewa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Katika kazi yangu ya kuwafundisha wachungaji na viongozi wa makanisa hapa Mwanza, swali ninaloletewa kuliko mengine yote ni hili: "Mwalimu, zamani nilikuwa na moto. Siku hizi nahudumu tu, sisikii kitu. Nifanyeje nipate upako mpya?" Mara nyingi anayeuliza ametoka mbali, visiwa vya Kome au Ukerewe, amevuka maji kuja kwenye semina ya mjini. Amewekewa mikono, amelia machozi ya kweli, amerudi nyumbani. Wiki chache baadaye yuko palepale.

Humfungulia 2 Timotheo 1:6. Paulo yuko kifungoni na anajua mwendo wake unakaribia kwisha. Anamwandikia kijana aliyemwachia Efeso, kanisa lililokuwa linasumbuliwa na walimu wa uongo. Hamwambii, "Nitakuja nikuwekee mikono tena." Wala hamwambii aombe karama nyingine. Anasema, "nakukumbusha, uichochee karama ya Mungu, iliyo ndani yako." Aliyeitoa ni Mungu, ila anayeagizwa kuichochea ni Timotheo mwenyewe. Mahubiri yetu mengi siku hizi yamepindua agizo hilo, yakatufundisha kukaa tukingoja Mungu achochee. Kwa watu wengi wanaokuja kwangu, tatizo si kupungukiwa na upako. Wamepewa tayari, tena wamepewa kingi, ila hakuna aliyewafundisha kukitunza.

Utajuaje karama inachoka? Usingoje mpaka ikome. Paulo ametuwekea kipimo katika Warumi 12:8, na sielewi kwa nini tunakipita haraka hivyo. Anasema mwenye kukirimu afanye kwa moyo mweupe, mwenye kusimamia kwa bidii, mwenye kurehemu kwa furaha. Hataji kazi peke yake, anataja na namna ya kuifanya. Ile namna ndiyo hutangulia kuondoka. Mama anayewatembelea wagonjwa katika hospitali ya Bugando kila Jumamosi anaweza kuendelea kwenda mwaka mzima baada ya furaha kumtoka. Uji anaubeba, maombi anayaomba, lakini mgonjwa anaona usoni kwamba mgeni wake anatimiza zamu. Mwenye kukirimu huanza kukumbuka alimpa nani na kiasi gani. Msimamizi huanza kuahirisha vikao. Ukiona hivyo kwako, usijihukumu kwamba umepoa kiroho. Chukua hatua mapema.

Hatua ya kwanza itawashangaza wengine: nenda kapime afya. Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tunaishi na malaria na kichocho, na vyote viwili humchosha mtu polepole mpaka akadhani ni roho yake iliyochoka. Paulo huyohuyo anayezungumzia karama ya Timotheo anazungumzia pia tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara, katika 1 Timotheo 5:23. Na Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye, na ile sauti ndogo ya utulivu baadaye zaidi. Kwa hiyo usimfungie mtu maombi ya kukemea kabla hujamuuliza analala saa ngapi na amekula nini.

Baada ya mwili, angalia ratiba yako. Wavuvi wa dagaa wananisaidia sana kulifundisha hili. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na sasa taa za sola, kwa sababu samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi ikishapevuka, mwanga wa taa hauna nguvu tena, basi mitumbwi hupumzishwa. Siku hizo mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, utawaona wamekaa chini na nyavu magotini, wanashona palipochanika. Hakuna anayewaita wavivu, maana kila mmoja anajua usiku wa giza unarudi na wavu uliotoboka haushiki kitu. Watumishi wetu wengi wanavua mwezi mzima. Jumapili ibada mbili, Jumatano mafundisho, Ijumaa mkesha, katikati misiba na harusi. Hakuna siku iliyowekwa kando ya kushona.

Kwa makanisa ya visiwani nimekuwa nikishauri jambo la moja kwa moja: semina za viongozi, mafungo na maombi ya kufunga yapangwe siku za mbalamwezi, wavuvi wanapokuwa nchi kavu. Ukipanga mkesha wakati wa giza utawapata wake zao na watoto, na kiongozi wa vijana mwenye karama ya kufundisha atakuwa ziwani.

Kushona kwenyewe hakufanani kwa karama zote. Mwenye karama ya kufundisha ananyauka kwa sababu amesoma Biblia miaka mingi kwa ajili ya somo la watu wengine tu. Dawa yake ni kusoma kitabu kimoja cha Biblia asichopanga kukifundisha, akisome kama mtu mwenye njaa, bila kalamu. Mwenye karama ya kurehemu amebeba huzuni za watu bila pa kuzitua. Yeye anahitaji mtu mmoja mwaminifu wa kumsikiliza, na anahitaji kucheka na watoto. Mwenye kuonya na kutia moyo hukauka asipotiwa moyo, na kwa kuwa yeye ndiye hodari wa kusema, hakuna anayemkumbuka. Msimamizi apewe msaidizi. Wenye kuombea wagonjwa na wenye unabii nawasihi wakae chini ya wazee wanaoweza kuwaambia hapana. Paulo alisema "Msimzimishe Roho", lakini ndani ya mistari miwili aliagiza pia kujaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Karama isiyokubali kupimwa huharibika, na huharibu watu.

(Ndugu zetu Wakatoliki hutaja vipaji saba vya Roho Mtakatifu, kuanzia hekima hadi uchaji wa Mungu, kutoka Isaya 11, na huvihusisha na Kipaimara. Orodha ni nyingine, lakini hoja ya kukitunza ulichopokea inasimama vilevile.)

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba karama haichochewi upweke. Historia ya ziwa hili inatufundisha. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini kule Rwanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Huko kilima cha Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeon Nsibambi, mwenye njaa ileile. Hawakufanya mkutano mkubwa. Walikaa wawili na Biblia zao, wakasoma, wakaomba, wakaungama. Miaka iliyofuata uamsho ulienea Rwanda, Uganda, ukafika Bukoba upande wetu wa ziwa na kuvuka hadi Kenya. Uliendeshwa na vikundi vidogo ambamo watu waliambiana ukweli kuhusu dhambi zao, Mzungu na Mwafrika wakitubu mbele ya mwenzake, jambo lililokuwa gumu sana enzi zile. Daktari na elimu yake yote alihitaji ndugu. Nawe unahitaji.

Timotheo naye alikuwa na watu: bibi yake Loisi, mama yake Eunike, wazee waliomwekea mikono, na Paulo aliyemkumbuka katika maombi usiku na mchana. Kabla ya kuambiwa achochee, alikumbushwa imani ya bibi na mama. Waulize wa kwenu. Wako wazee katika makanisa ya hapa mjini, Igogo na Kirumba, wanaokumbuka ulipohudumu mara ya kwanza na kitu gani watu walipokea kupitia kwako, hata kama wewe umekisahau.

Wengine mmeniuliza kuhusu karama iliyolala miaka mingi, labda kwa woga, labda kwa sababu uliwahi kuaibishwa mbele ya kanisa. Paulo alimwambia Timotheo kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Usianze kwa kuomba zamu ya madhabahuni. Mwombe mchungaji wako akupe mtu mmoja: mgonjwa mmoja wa kutembelea, mwongofu mpya mmoja wa kumsomea Injili ya Marko, kijana mmoja wa kumsikiliza. Mhudumie miezi mitatu, ukutane na mchungaji kila mwezi mzungumze yanayotokea. Petro anasema tuitumie karama kwa kuhudumiana, na mtu mmoja anatosha kuanzia.