Kivinjari gani kinafaa mashine yako na bando lako?

Wiki iliyopita mwalimu mmoja aliniletea laptopu yenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine) ya GB 4. "Fundi, hii imezeeka, nitafutie nyingine." Sikugusa hata skrubu. Nilibonyeza Shift na Esc ndani ya Chrome, ikatokea orodha: vichupo 23 (kurasa zilizofunguliwa pamoja), na kinara wa kula RAM alikuwa ukurasa wa gazeti alioufungua asubuhi, tangazo la video likijirudia bila mtu wa kulitazama. Tukakifunga kichupo kile, mashine ikapumua.

Kwa kasi tu, vivinjari vingi vya kompyuta ni ndugu. Chrome, Opera, Brave na Edge vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi wa programu ulioanzishwa na Google; Edge ilihamia huko Januari 2020. Kurasa huendeshwa kwa kutengana ili mmoja ukianguka usiangushe zote, na gharama ya ulinzi huo inabebwa na RAM. Edge hulaza vichupo usivyovigusa kwa muda. Chrome nayo ina uwezo huo kwenye mipangilio ya utendaji. Mwenye GB 4 auwashe leo.

Lakini mzigo mkubwa ni matangazo, na hapo ndipo Firefox inanivutia. Ina injini yake ya kuonyesha kurasa, Gecko, na bado inapokea uBlock Origin kamili, kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kinachozuia matangazo yasipakuliwe kabisa. Chrome ya kompyuta imeachana na viendelezi vya mtindo huo wa zamani, ikabaki toleo jepesi, uBlock Origin Lite. Kwenye simu tofauti inakuwa kubwa zaidi: Chrome ya Android haipokei viendelezi, Firefox inapokea. Tangazo lisiloshuka halili bando, halili chaji. Mimi simu yangu ina Firefox, na wateja wangu wengi nimewawekea hiyo. (Wenye iPhone, kwetu huku vivinjari vyenu vyote vinatumia injini moja, WebKit ya Apple, kwa hiyo kuhama hakuleti kasi ya ajabu.)

Opera Mini ni habari nyingine. Ukiiweka kwenye hali ya kubana zaidi, ukurasa hupitia kwanza seva za Opera, unapunguzwa, ndipo unakufikia. Kwa habari na matokeo ya mpira kwenye mtandao wa kusuasua, sijaona mfano wake. Ila tafadhali sana: seva inayoubana ukurasa lazima iufungue na kuusoma. Kwa hiyo benki, barua pepe na chochote chenye nywila, fungulia kivinjari kingine. Nawasihi hasa mawakala wa pesa za simu.

Ukitaka kupima mwenyewe, ingia mipangilio ya Android, matumizi ya data, andika MB za kila kivinjari. Tumia kimoja siku tatu, kingine siku tatu, kwa tovuti zilezile.