Kwa nini kisahani hukata kushoto kabla ya kutua?

Anayecheza gofu ya visahani (sahani bapa za plastiki za kurusha, kama frisbee) kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa msituni, kama Northwood Black ulioko Morton, jimbo la Illinois, Marekani, hukutana na jambo hili mapema: kisahani kinatoka mkononi kimenyooka, kinapenya vizuri kati ya miti, halafu mwishoni kinakata kushoto na kugonga shina. Mchezo ni gofu bila fimbo. Unatupa kisahani mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo, alichokibuni Ed Headrick wa California miaka ya 1970, na mwenye mitupo michache ndiye mshindi.

Wengi husema kinapinda kwa sababu kinazunguka, sawa na mpira wa kona. Si kweli, na kosa hili lina gharama, maana mchezaji huanza kupunguza mzunguko akidhani anatibu tatizo. Mpira uliokatwa huanza kupinda mara tu unapotoka mguuni, na ukizunguka zaidi hupinda zaidi. Kisahani ni kinyume chake: mzunguko mwingi ndio unaokishikilia kinyooke. Kona yake kali huja mwishoni, mwendo wa mbele unapopungua, ilhali mzunguko bado upo.

Kisababishi ni mahali hewa inapokiinulia. Kisahani ni bawa, lakini nguvu ya kukiinua haikai katikati kabisa. Kikienda kasi, huwa nyuma kidogo ya katikati na kusukuma pua, yaani ukingo wa mbele, chini. Kasi ikipungua, kikaanza kushuka, hewa hukipiga zaidi kwa chini, nguvu hiyo ikasogea mbele na kutaka kuinua pua. Kingekuwa hakizunguki, kingebinukia nyuma.

Shika gurudumu la baiskeli kwa ncha mbili za ekseli, mwenzako alizungushe kwa kasi, kisha jaribu kuliinamisha. Halikufuati, linageukia upande mwingine, robo duara kutoka ulikolisukuma. Ndivyo ilivyo kwa kisahani kinachozunguka kufuata mishale ya saa kikitazamwa kutoka juu: ukitaka kukiinua pua, kinalalia kushoto, na bawa lililolala kushoto huenda kushoto. Ndiyo maana pia baadhi ya visahani huanza kwa kwenda kulia kidogo, kwani wakati huo pua inasukumwa chini.

Haya ni kwa anayetumia mkono wa kulia na kukirusha kisahani kutoka kifuani kwenda nje. Wa mkono wa kushoto ageuze kila kitu. Upepo na uchakavu wa ukingo navyo hubadilisha njia, na namba nne zinazochapwa juu ya visahani vingi (za kasi, kuelea, kupinda mwanzoni na kukata mwishoni) hupangwa na watengenezaji wenyewe, hivyo zichukuliwe kama makadirio.

Msituni, basi, acha kwanza visahani vyembamba vya mwendo mkali. Vinahitaji kasi ambayo mkono mgeni haujaipata, kwa hiyo huanza kukata kushoto mapema, kabla ya kumaliza uchochoro wa miti. Kisahani cha polepole chenye ukingo butu hunyooka hata kikitupwa taratibu.