Hivi kwa nini Wajerumani wengi hawawezi kusoma barua za bibi zao?

Chukua barua iliyoandikwa Berlin mwaka 1910 mpe kijana wa Kijerumani wa leo, tena msomi wa chuo kikuu. Lugha ni yake kabisa, lakini ataigeuza geuza afu atakurudishia, hajaambulia kitu.

Shida ni mwandiko. Tangu miaka ya 1500 Wajerumani walikua na mwandiko wao wa mkono, Kurrent, jina limetoka kwenye neno la Kilatini la kukimbia, maana kalamu inakimbia tu. Herufi zimelala upande na zina kona kali. E yao ni vimstari viwili vilivyobanana, na n nayo ni vimstari viwili ila vimeachana kidogo, sasa jaribu kuandika nennen, yaani kuita jina, unapata meno ya msumeno mwanzo mpaka mwisho! U nayo ilifanana na n, ndo maana wakaiwekea kikunjo juu. Na zile nukta mbili za ä, ö na ü, kumbe zilianza kama e ndogo juu ya herufi, vile vimstari vyake viwili vikafupishwa mpaka vikabaki nukta. Mimi hii ndo inanifurahisha kuliko zote.

Mwaka 1911 serikali ya Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati huo, ikamwomba msanii Ludwig Sütterlin atengeneze mwandiko rahisi kwa watoto, akazisimamisha herufi wima, akazifanya za mviringo kidogo, na 1915 shule za Prussia zikaanza kuufundisha.

Aliyekuja kuuzima ni nani? Wanazi wenyewe. Januari 1941 Martin Bormann, kigogo wa chama cha Nazi, alitoa waraka kwa niaba ya Hitler kwamba herufi za kale za Kijerumani zilizochapwa vitabuni ni za Kiyahudi, uongo mtupu, na Septemba mwaka huohuo mwandiko nao ukaondolewa shuleni. Watoto wakaanza kufundishwa herufi za Kilatini kama zetu, uzi ukakatika hapo.

Na sisi inatugusa, maana mafaili ya utawala wa Mjerumani yapo mpaka leo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mengi yameandikwa hivyo hivyo kwa mkono. Ila Wajerumani walikua na desturi ya kuandika majina ya kigeni kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo unaweza ukawa umepotea kabisa kwenye ukurasa, meno ya msumeno tupu, mara katikati unaona Bagamoyo, inasomeka vizuri kabisa.