Riba ya akaunti za amana za mawakili inavyolipia msaada wa kisheria

Wakili anayesimamia mauzo ya kiwanja Uyole au ya shamba la miti Mufindi mara nyingi hukaa na fedha zisizo zake. Mnunuzi amekwisha kulipa, lakini muuzaji hakabidhiwi fedha hizo mpaka kodi ilipwe na uhamisho wa miliki usajiliwe, na kwa muda huo wote fedha hukaa katika akaunti ya amana ya wateja, iliyotengwa kabisa na fedha za ofisi. Humo pia hupita fidia inayosubiri kukabidhiwa mwenyewe na ada iliyolipwa kabla kazi haijafanyika. Utaratibu tunaoueleza hapa, ambao umekomaa zaidi nchini Marekani, ni wa kuichukua riba inayozaliwa na amana hizo na kuipeleka katika mfuko unaowalipia mawakili watu wasio na uwezo katika mashauri ya madai, yaani ardhi, mirathi, ndoa, matunzo ya watoto, pango na ajira.

Wazo hili lilianza Australia na Kanada katika miaka ya 1960. Marekani lilichelewa kwa sababu sheria za benki za huko zilikataza akaunti za hundi kulipa riba, hivyo amana za wateja zilikaa benki bila kuzaa chochote na aliyenufaika ni benki peke yake. Sheria ilipolegezwa mwaka 1980, jimbo la Florida lilianza mwaka 1981, na leo majimbo yote yana utaratibu huo.

Swali la kwanza la msomaji litakuwa hili: kwa nini riba asipewe mteja, ilhali fedha ni zake? Tuchukue mfano wa hesabu. Mteja ameweka kwa wakili shilingi milioni 3 kwa siku 10, na benki inalipa riba ya asilimia 2 kwa mwaka. Riba yake haifiki shilingi 1,650. Kumfungulia akaunti ya peke yake, kuiendesha na kuifunga kutagharimu zaidi ya hapo, na mteja ataondoka mikono mitupu au na hasara. Lakini ofisi hiyo hiyo ikiweka amana ndogo ndogo za wateja wake wote katika akaunti moja, na salio likawa wastani wa milioni 60 mwaka mzima, riba itafika shilingi milioni 1.2, ofisi 100 za namna hiyo zitatoa milioni 120. Benki huipeleka riba hiyo moja kwa moja kwenye mfuko wa jimbo, nao mfuko hutoa ruzuku kwa mashirika ya msaada wa kisheria. Wakili hagusi hata senti. Mteja naye hudai na kulipwa amana yake kamili kama kawaida.

Uhalali wote wa utaratibu huu umesimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba zinazochangia ni amana ndogo au za muda mfupi tu, ambazo zisingeweza kumzalia mwenyewe faida. Amana kubwa au ya muda mrefu hufunguliwa akaunti yake, na riba ni ya mteja. Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilitamka mwaka 1998 kwamba riba ya amana ni mali ya mteja, kisha mwaka 2003, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba mteja hadai fidia pale ambapo hasara yake ni sifuri. Naona uamuzi huo ni wa haki, ila ni wa haki kwa kadiri sharti lile linavyolindwa: wakili anayeacha mamilioni ya mteja miezi mingi katika akaunti ya pamoja anamnyang'anya mtu mali yake, hata kama inakwenda kwa maskini.

Kwa nini mashauri ya madai yatafutiwe fedha za pekee? Nchini Marekani, tangu mwaka 1963, mshtakiwa wa kosa kubwa la jinai asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya umma, lakini anayetolewa katika nyumba ya kupanga hana haki kama hiyo katika sehemu nyingi za nchi hiyo. Pengo hilo wakazi wa nyanda za juu kusini wanalijua vizuri. Mjane wa Rungwe anayedaiwa na shemeji zake shamba la ndizi na chai alilolilima na marehemu mumewe hufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mfuko wa plastiki wenye karatasi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, stakabadhi za kuuza chai. Upande wa pili una wakili. Msaidizi wa kisheria wa kata anaweza kumweleza haki zake na kumsaidia kupanga nyaraka zake, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imemtambua rasmi, lakini hawezi kusimama kama wakili wake. Wakili hulipwa, na mtu fulani lazima alipe.

Udhaifu mkubwa wa chanzo hiki ni kwamba hukauka wakati kinapohitajika zaidi. Mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 ulipoifanya benki kuu ya Marekani kushusha riba hadi karibu na sifuri, biashara ya nyumba nayo ilianguka, kwa hiyo salio likapungua na kiwango cha riba kikapungua kwa pamoja. Wakati huo huo watu waliopoteza kazi na nyumba walikuwa wakijaa kwenye milango ya mashirika ya msaada. Tangu hapo mifuko yenye busara huweka akiba miaka ya neema, na majimbo mengi huzitaka benki zilipe akaunti hizi riba ile ile wanayopewa wateja wengine wenye akaunti za aina hiyo.

Tanzania imetegemea zaidi wafadhili, kampeni za serikali na mawakili wanaojitolea, kama inavyoonekana katika Wiki ya Sheria kila mwanzo wa mwaka. Hizo ni huduma za kushukuriwa, lakini ushauri wa siku moja hauendeshi shauri la mirathi linaloahirishwa mara kwa mara. Atakayependekeza kuazima utaratibu huu atazame pia Afrika Kusini, ambako riba ya akaunti za amana huenda kwenye mfuko wa kuwafidia wateja walioibiwa na mawakili wao. Ni matumizi tofauti ya chanzo kile kile, na yana hoja nzito, kwa kuwa mteja anayeogopa kuacha fedha kwa wakili hataweka amana ya kuzaa riba yoyote. Sheria ingepaswa kueleza amana ipi iingie na ipi itengwe, benki ikate gharama zipi, na nani aukague mfuko, kabla shilingi ya kwanza haijakusanywa.